Bahari Mbele ya Hema



Baada ya likizo alinijia mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, uso umemkunjuka kwa furaha, akanihadithia safari aliyoifanya na ahali yake. Walitoka Dar es Salaam kwa gari, wakavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, wakashika njia ya Kilwa. Huko wakapiga mahema mawili ufukoni, mbali na vijiji, wakakaa siku tatu. Siku moja walivuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, na watoto wakauona Msikiti Mkuu ambao magofu yake yangali yamesimama, katika mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331.

Nikampongeza, kisha nikamwuliza, "Na Sala je, Bwana?"

"Hatukuacha hata moja, Maalim. Ila maji tuliyochukua yalikuwa ya kunywa na kupikia tu, basi sote tukatayamamu."

"Na bahari ilikuwa umbali gani?"

"Mbele ya hema, Maalim. Hatua 30." Hapo akanyamaza.

Wasomaji wetu, mtu huyu si mvivu wa dini. Alijua ya kwamba mwenye kuchelea kiu huyaweka maji yake ya kunywa akatayamamu, na hayo ni kweli kwa aliye nyikani. Lakini tayamamu ni ruhusa ya asiyepata maji au asiyeweza kuyatumia, nayo bahari ni maji. Mtume (S.A.W.) aliulizwa jambo hili hili na mtu aliyesafiri baharini na maji matamu machache, naye akajibu ya kwamba maji ya bahari ni yenye kutoharisha. Chumvi yake haidhuru udhu. Ndivyo walivyotawadha wazee wetu mabaharia, walioifikia Kilwa kwa majahazi.

Ilinibidi nimwambie lisilompendeza: katika madhehebu yetu ya Shafi Sala zile hazikusihi. Kila aliyebaleghe katika nyumba yake azihesabu na kuzilipa. Na kwa kuwa sasa wamekwisha rudi mjini, zile walizozifupisha wazilipe kamili, rakaa nne nne. Akainamisha kichwa, akasema, "Watoto walinifuata mimi." Maneno hayo yalinichoma moyo kuliko yote.

Basi enyi wazazi, msiache kuwatembeza watoto wenu katika nchi ya Mwenyezi Mungu. Lakini kama mnavyokagua magurudumu na kuhesabu vigingi vya hema, kaeni nao usiku mmoja kabla ya safari, msome mlango wa udhu, wa tayamamu, na wa kufupisha Sala. Adhuhuri, Alasiri na Isha hufupishwa. Magharibi na Alfajiri hazifupishwi. Chagueni amiri wa safari. Hema msilipige njiani, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kulala njiani usiku kwa ajili ya wadudu na wanyama wapitao hapo, na moto uzimeni kabla ya kulala.

Nanyi vijana, mkimwona baba amesahau, mkumbusheni kwa adabu. Huenda mmoja wenu angalisema, "Baba, bahari hii hapa," na Sala za nyumba nzima zingalisalimika.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa. Amin.