Wenye Kuziba Visima



Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari ya Isaka, mwana wa Abrahamu. Watumishi wa baba yake walikuwa wamechimba visima kwa jasho lao, nao Wafilisti wakavijaza udongo. Hawakunywa wao, wala hawakuwaacha wengine wanywe. Isaka akachimba upya. Alipopata maji, wachungaji wa Gerari wakaja mbio wakidai kwamba maji ni yao. Akawaachia, akachimba kisima kingine. Wakagombana naye tena. Ni kisima cha tatu tu alichokitumia kwa amani.

Habari hii niliikumbuka Dominika moja baada ya Misa, tulipokuwa tukizungumza mbele ya kanisa. Kijana mmoja anayejifunza kazi ya kompyuta alituambia kwa mshangao kwamba huko Marekani kuna kampuni zisizotengeneza kitu hata kimoja. Zina karatasi tu, na kwa karatasi hizo zinawapeleka wengine tribinali na kupata mamilioni ya dola. Akamaliza akisema: «Hao ndio wenye akili, baba. Tena hawana dhambi, maana sheria imewaruhusu.» Wazee wengine wakaitika kwa kichwa. Mimi sikuitika. Akili wanayo, nakubali. Hata nyoka wa bustani alikuwa nayo. Lakini kusema kwamba jambo si dhambi kwa kuwa sheria imeliruhusu, neno hilo halifai kinywani mwa Mkristu. Basi leo nataka kulijibu polepole, wala si kwa hasira.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Sisemi juu ya patenti ile ambayo mchuuzi wa kwetu huilipia ili auze sokoni. Nasema juu ya hati ya uvumbuzi, ambayo wanaosema Kifaransa huiita breve. Hati hiyo ni mapatano kati ya mvumbuzi na serkali. Mvumbuzi huwaeleza watu wote siri ya kitu chake kipya. Serkali nayo humpa muda, na huko Marekani kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku alipoiomba hati. Katika muda huo hakuna mwingine anayeweza kukitengeneza wala kukiuza kitu kile pasipo kibali chake. Muda ukiisha, kitu ni cha wote. Mapatano ya namna hii si mabaya kwa asili yake. Anayetoka jasho ana haki ya kula, na Kanisa limetetea siku zote haki ya mtu juu ya mali yake. Baba Mtakatifu Leo XIII aliitetea kwa nguvu mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum.

Shida iliingia pale hati hizo zilipoanza kutolewa juu ya programu za kompyuta. Programu ni nini? Ni mfululizo wa amri zinazoiambia mashini: fanya hili, kisha lile, hesabu hivi, onyesha hivi. Mwandishi wake analindwa tayari na haki ya mtunzi, sawa na mwandishi wa kitabu. Si ruhusa kunakili kazi yake. Lakini hati ya uvumbuzi yaenda mbali zaidi. Inamkamata hata mtu aliyeifikiria njia ile kwa kichwa chake mwenyewe, asiyepata kumsikia mwenye hati wala kuiona karatasi yake.

Nitatoa mfano wa kwetu. Mama zetu hubeba vikapu kichwani tangu zamani za mababu. Siku moja serkali yajenga barabara ya lami. Mara atokea mtu mwenye karatasi, asema: «Kubeba kikapu kichwani juu ya barabara ya lami, mimi ndimi niliyekuvumbua. Kila mama anilipe.» Tungemcheka. Lakini hati nyingi za programu ni za namna hiyo hiyo: jambo la zamani, limeongezwa neno «kwa kompyuta».

Tazameni. Mwaka 1999 kampuni Amazon ilipewa hati juu ya jambo hili: mnunuzi ambaye anwani yake na namba yake ya malipo zimekwisha kuandikwa, anunue kwa kubonyeza mara moja tu. Je, muuza duka wa kijijini hafanyi hivyo? Anakujua, jina lako limo daftarini mwake, unaonyesha sabuni kwa kidole, unaichukua, unakwenda. Hata hivyo mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Amazon iliwashtaki Barnes & Noble, wauzaji wa vitabu, na mwanzoni mwa Desemba, kabla ya Noeli, juji akawakataza. Ikawabidi wawaongezee wanunuzi wao hatua nyingine, pasipo faida ya mnunuzi yeyote. Mwaka 2001 tribinali ya rufaa ililiondoa katazo lile, kwa kuona kwamba hati yenyewe ina mashaka makubwa. Lakini hati iliendelea kuwako hadi mwaka 2017.

Na huyo angalau ni mfanya biashara anayeuza vitu. Wako wengine wabaya zaidi. Simu za BlackBerry zilitengenezwa na kampuni ya Kanada iitwayo Research In Motion. Kampuni nyingine ya Marekani, NTP, isiyotengeneza simu hata moja, iliwashtaki kwa hati zake juu ya kupeleka barua za kompyuta pasipo waya. Ofisi ya hati ilikuwa imekwisha kuanza kuzikataa hati hizo zilipochunguzwa upya. Lakini juji hakutaka kungoja, na hatari ya simu hizo kufungwa huko Marekani ilikuwa mlangoni. Mwaka 2006 Wakanada wakalipa dola 612,500,000 ili waachwe.

Mtu aweza kusema: tajiri amemlipa tajiri, yatuhusu nini? Basi sikieni habari ya wadogo. Kampuni iitwayo MPHJ ilipata hati juu ya kupiga nakala ya karatasi kwa mashini na kuipeleka moja kwa moja katika barua ya kompyuta, kazi inayofanywa kila siku katika ofisi nyingi za dunia. Haikuwashtaki wanaotengeneza mashini hizo. Iliwaandikia wanaozitumia, biashara ndogo zaidi ya 16,000, ikidai kadiri ya dola 1,000 kwa kila mfanyakazi, na kuwatisha kwamba wasipojibu watashtakiwa. Mwaka 2014 ofisi ya serkali ya Marekani inayolinda haki katika biashara ilitangaza kwamba vitisho vile vilikuwa vya uongo: kesi hazikuwa tayari, wala hapakuwa na nia ya kuzifungua.

Hapo ndipo siri ya kazi hii ilipo. Kujitetea hadi mwisho wa kesi ya namna hii kwaweza kula mamilioni ya dola, kwa avoka na kwa wataalamu. Anayedai anajua hivyo. Basi anaomba fedha kidogo kuliko gharama ya kujitetea, na mwenye haki analipa ili aishi. Tena wadai walichagua mahali pa kushtaki. Mwaka 2015 zaidi ya kesi 2,500 za hati zilifunguliwa katika wilaya moja ya tribinali, mashariki ya Texas, penye miji midogo kama Marshall na Tyler. Kampuni nyingi zilikuwa na ofisi hapo kwa jina tu, milango imefungwa, ndani hakuna mfanyakazi.

Na wakubwa wamefanya nini? Wamekusanya hati kama wafalme wanaokusanya mikuki. Mwaka 2011 hati kadiri ya 6,000 za kampuni Nortel iliyofilisika zilinunuliwa na Apple, Microsoft na wenzao kwa dola 4,500,000,000. Mwaka ule ule Google ilitangaza kuinunua Motorola Mobility kwa dola 12,500,000,000, na hati zake zilikuwa sababu kubwa. Mwaka 2012, huko San Jose, wazee wa tribinali waliiamuru Samsung iilipe Apple zaidi ya dola 1,000,000,000. Sehemu ya ugomvi ilikuwa sura ya simu, sehemu nyingine jinsi kidole kinavyokuza picha katika kioo. Ugomvi huo ulianza 2011, ukaisha kwa mapatano 2018. Gazeti New York Times liliandika mwaka 2012 kwamba katika mwaka uliotangulia Apple na Google zilitumia kwa kesi na kwa kununua hati fedha nyingi kuliko zile za kutafuta mambo mapya. Basi hati iliyowekwa ili kusaidia uvumbuzi imekula chakula cha uvumbuzi. Na nani analipa mwishoni? Ni kila mnunuzi wa simu, hata yule wa Bukavu au wa Lubumbashi aliyeuza mbuzi wake ili ainunue.

Sasa nitajibu maneno ya wapinzani, maana si haki kuwanyamazisha.

Wa kwanza wasema: pasipo hati hakuna atakayejisumbua kuvumbua. Kwa dawa, ambayo yataka miaka mingi ya majaribio na fedha nyingi kabla ya kuuzwa kidonge cha kwanza, neno hili lina uzito. Kwa programu halina. Bunge la Ulaya lilikataa tarehe 6 Julai 2005, kwa sauti 648 dhidi ya 14, amri iliyotaka kuimarisha hati juu ya mambo ya kompyuta. Na watu wa Ulaya hawakuacha kuandika programu.

Wa pili wasema: mvumbuzi maskini asiye na kiwanda atafanyaje? Lazima aweze kuuza hati yake kwa mwingine. Hili ndilo neno lao zuri, nami nalikubali nusu. Ikiwa amewafundisha watu jambo jipya kweli, alipwe, hata kama hana kiwanda. Lakini kumbukeni mapatano: mvumbuzi anafundisha, watu wanamlipa kwa muda. Katika kesi nyingi za programu mshtakiwa hakufundishwa kitu. Aliifikiria njia mwenyewe, kwa sababu ilikuwa wazi kwa kila fundi, na hati imeandikwa kwa maneno mapana hata fundi hawezi kujifunza lolote kwayo. Yule hakufundisha, kwa nini alipwe karo ya mwalimu?

Wa tatu ni kijana wetu: sheria imeruhusu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya faida ya wote. Inayotumiwa kinyume cha faida ya wote imepoteza roho yake. Na Baba Mtakatifu Benedikto XVI, mwaka 2009 katika Caritas in Veritate, aliwalaumu wale wanaoshika haki ya mali ya akili kwa ukali usio na kipimo, hasa katika mambo ya afya, hata ujuzi usiwafikie maskini. Anayepokea fedha iliyolipwa kwa hofu tu, hali anajua kwamba hana haki nayo, amevunja amri ya saba. Nasi twajua tuliyofundishwa katika katekisimu: haitoshi kuungama, yampasa kurudisha. Juji wa Texas aweza kumwachilia. Padri katika kiti cha maungamo atamwuliza juu ya kurudisha.

Kumbukeni pia mfano wa Bwana wetu juu ya talanta. Mtumishi mvivu aliizika talanta yake, akahukumiwa. Lakini yule angalau hakuwashtaki wenzake waliofanya biashara. Hawa wa leo wanaizika, kisha wanawadai waliozalisha.

Lakini tusikate tamaa, maana wako pia wachimba visima. Tim Berners-Lee alibuni mtandao wa kurasa za intaneti akifanya kazi CERN, huko Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa kwa watu wote pasipo malipo. Baadaye kampuni Eolas ikadai kwa hati zake kwamba kurasa zenye kutenda kazi ndani yake ni mali yake, ikawashtaki wengi. Mwaka 2012 Berners-Lee mwenyewe alikwenda Tyler kutoa ushuhuda, na wazee wa tribinali wakazitangua hati zile. Mwaka 2014 majuji wote wa Tribinali Kuu ya Marekani walisema kwa sauti moja, katika kesi ya Alice, kwamba wazo tupu haligeuki uvumbuzi kwa kutiwa tu katika kompyuta. Mwaka 2017 wakawapunguzia wadai nafasi ya kuchagua tribinali waipendayo. Na mwaka 2019, shirika la GNOME, linalotoa programu bure, liliposhtakiwa kwa ajili ya programu ya kupanga picha, watu wengi walichanga fedha zao ili lijitetee. Mwaka 2020 mdai akaiacha kesi pasipo kulipwa.

Kesi hazijaisha, lakini mmeona kwamba udongo waweza kuondolewa kisimani, watu wakikubali kuchimba.

Basi, kijana wangu, jifunze kompyuta kwa bidii. Andika programu itakayomsaidia mgonjwa, mwalimu, mkulima. Ukilipwa kwa kazi yako, kula kwa furaha na mshukuru Mungu. Lakini usiwaonee wivu wenye kukaa kando ya kisima cha wengine na karatasi mkononi. Nasi wazazi, tuache kuwasifu mbele ya watoto wetu. Tukimsifu mwerevu aliyenyang'anya kwa kalamu, kesho tutashangaa kwa nini mtoto wetu anadai kodi kwa jirani kwa ajili ya chemchemi ambayo hakuichimba yeye wala babu yake.