Mfumo wa Kujifunzia Mtandaoni Upo, Mwanafunzi wa Buguruni Asaidiwe Kuutumia

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Jioni, katika makutano ya Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela, abiria wa Gongo la Mboto, Ubungo na Kariakoo wanapogombea daladala, vibanda vya steshenari vya Buguruni navyo huwa na wateja wake. Baadhi yao ni wanafunzi wa vyuo vikuu waliopanga vyumba mitaani. Hawakuja kutoa nakala tu. Wanataka kusaidiwa kuingia katika mfumo wa kujifunzia wa chuo na kuwasilisha kazi kabla ya saa sita usiku.

Hali hiyo inaonesha hatua iliyofikiwa na elimu ya juu nchini, na pia pengo lililobaki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilianza kwa vitabu vya masomo vilivyomfuata mwanafunzi alipo. Leo chuo hicho, sawa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hutumia Moodle, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Kwa kuwa ni programu huria, chuo hakilipii leseni na kinaweza kuirekebisha kulingana na mahitaji yake.

Miundombinu nayo imekua. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umesambaza huduma hiyo mikoani. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unajumuisha uimarishaji wa TEHAMA katika vyuo vya umma. Umuhimu wa uwekezaji huo ulidhihirika vyuo vilipofungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19 hadi vilipofunguliwa Juni 1 mwaka huo.

Hata hivyo, kuwepo kwa mfumo hakumaanishi kwamba kila mwanafunzi anaweza kuutumia. Vikwazo vingi ni vidogo kwa mtazamo wa mtaalamu, lakini kwa mwanafunzi vinaweza kugharimu alama za muhula mzima.

Kikwazo cha kwanza ni kuchanganya mifumo. Mwanafunzi mpya hukutana na mfumo wa maombi ya mkopo, mfumo wa usajili na matokeo, kisha mfumo wa kujifunzia. Kila mmoja una anwani yake na mara nyingi nywila yake. Aliyejisajili katika mfumo wa matokeo huweza kuamini kuwa tayari yumo darasani, kumbe hajajiunga na somo hata moja.

Cha pili ni uwasilishaji wa kazi. Katika Moodle, mhadhiri anaweza kuweka sharti kwamba mwanafunzi, baada ya kupandisha faili, abonyeze kitufe cha kuthibitisha kuwa amewasilisha. Asipofanya hivyo, kazi hubaki kuwa rasimu. Mwanafunzi huliona faili lake kwenye skrini, akalala akiwa na amani, na asubuhi akakuta muda umepita ilhali kazi bado ni rasimu. Huyo hakuwa mvivu wala hakukosa maarifa ya somo. Alikosa mtu wa kumwonesha hatua moja ya mwisho.

Cha tatu ni gharama. Mhadhara wa video wa saa nzima unaweza kumaliza bando la siku kadhaa, wakati maelezo yaleyale yakiwa katika maandishi hutumia sehemu ndogo sana ya bando hilo. Programu ya Moodle ya simu humwezesha mwanafunzi kupakua masomo akiwa kwenye mtandao wa chuo na kuyasoma baadaye bila intaneti. Ni msaada mkubwa kwa anayerudi Buguruni jioni, ilimradi aelekezwe kuwa njia hiyo ipo.

Kwa kukosa maelekezo, wengi hukimbilia steshenari. Watoa huduma hao wanastahili shukrani, kwani wamewafikisha vijana wengi katika maombi ya vyuo na mikopo. Tatizo huanza mwanafunzi anapomwachia nywila mtu asiyemfahamu au kuondoka bila kufunga akaunti yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mwananchi, lakini mlinzi wa kwanza wa nywila ni mwenyewe.

Buguruni pia ni makao ya shule ya viziwi inayojulikana nchini kote. Kijana kiziwi anapofika chuo kikuu, mhadhara uliorekodiwa bila maandishi chini ya picha au mkalimani wa Lugha ya Alama haumfai kitu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya elimu, hivyo kuandaa masomo yanayowafikia ni wajibu, si hisani.

Nini kifanyike? Mafunzo ya wiki ya kwanza chuoni yafanyike kwa simu, kwani ndicho kifaa ambacho wengi wanacho, na kila mwanafunzi awasilishe kazi ya majaribio hadi mwisho. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, hata kama somo hufundishwa kwa Kiingereza. Dawati la msaada lipatikane jioni na usiku, muda ambao mwanafunzi anayefanya kazi Kariakoo mchana ndipo anapofungua kitabu. Vituo vya Chuo Kikuu Huria vilivyopo mikoani na maktaba za umma, ikiwamo Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni maeneo yanayofaa kutolea msaada huo karibu na wananchi.

Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Asisubiri saa ya mwisho, ahakikishe mfumo unaonesha kuwa kazi imewasilishwa, ahifadhi picha ya uthibitisho huo, na abadilishe nywila kila anapoitumia kwenye kompyuta isiyo yake.

Taifa limewekeza katika nyaya, mitambo na programu ili elimu imfikie mwananchi alipo. Hatua iliyobaki ina gharama ndogo kuliko zote zilizotangulia: mtu wa kumwelekeza mwanafunzi, kwa lugha anayoielewa na kwa wakati anaohitaji, hadi kazi yake imfikie mhadhiri.