Mchekeshaji Mbele ya Mwenye Amri



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kazi ambayo wazazi wengi huihesabu kuwa si kazi, nayo ni kazi ya kuwachekesha watu. Vijana wetu, tangu Mbamba Bay na Liuli hata hapa Mbaha, huitazama katika televisheni na katika simu zao, na baadhi yao hutamani kuishika. Mzazi asikiapo hayo husema: "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha." Methali ni ya kweli, lakini haifai kuitumia kufunga mlango kabla ya kutazama kilichomo ndani.

Natutazame khabari za kijana mmoja wa Tanzania, Idris Sultan. Alizaliwa mwaka 1993, na mwishoni mwa mwaka 2014 jina lake lilijulikana Afrika nzima aliposhinda shindano la televisheni la Big Brother Africa, akapewa dola 300,000 za Marekani. Shindano lenyewe, la vijana wa kiume na wa kike kufungiwa nyumba moja na kutazamwa usiku na mchana, si jambo la kusifiwa katika nyumba zetu, wala hatulisifu. Lakini baada ya hapo kijana huyo hakukaa kula fedha tu. Alishika utangazaji wa redio, akapanda majukwaani kuchekesha, akaigiza filamu. Na mwaka 2021 alionekana katika filamu ya Afrika ya Kusini iitwayo Slay.

Yaliyomfanya atajwe hata na watu wasiocheka ni mambo mawili. Mwezi wa Oktoba 2019, katika siku za kuzaliwa kwa Rais John Magufuli, alitoa picha alizozitengeneza: uso wake ameutia katika mwili wa Rais, na uso wa Rais katika mwili wake, kana kwamba wamebadilishana kazi kwa siku moja. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alimwambia hadharani kwamba hajui mipaka ya kazi yake, akamtaka aende polisi, naye akaenda akahojiwa. Mwezi wa Mei 2020 alikamatwa tena. Mara hii alikuwa amejionyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais, aliyovaa suti kubwa kuliko mwili wake. Akakaa mahabusi zaidi ya juma zima. Alipofikishwa mahakamani, shitaka halikuwa la kucheka. Lilikuwa la kutumia laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine, kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010.

Hebu tuyapime mambo haya bila ya chuki wala mapenzi. Kumcheka mtu kwa maumbile aliyoumbwa nayo ni uovu, na wahenga wamekwisha tuonya kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Kumzulia mtu uongo ni uovu zaidi. Lakini suti haikuumbwa pamoja na mtu. Nani kati yetu hana picha ya ujana wake ambayo wajukuu wakiiona huanguka kwa kicheko? Mzee mwenye busara hucheka pamoja nao, na heshima yake haipungui hata chembe.

Sisi watu wa Ruvuma tulipasa kulifahamu jambo hili kuliko wengine, kwa sababu twaujua utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, wakauana. Na leo ni watani. Mtani huja msibani, watu wakiwa wanalia, akasema maneno ambayo ndugu wa maiti hawezi kuyasema: kwamba marehemu alikuwa bahili, au mvivu wa kulima. Wala hapana anayemshika shati. Wazee wetu waliona kwamba panapo uadui wa kale, au panapo huzuni kubwa, hapana budi awepo mtu mwenye ruhusa ya kusema. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na sharti zake: mtani naye hutaniwa, na siku ya shida yeye ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi.

Mchekeshaji wa televisheni ni mtani wa taifa zima. Taabu yake ni kwamba hakuna aliyemwandikia ukoo. Yeye ajiona ni mtani, na mwenye amri amwona ni mtukanaji. Rais Magufuli mwenyewe alipenda sana utani katika hotuba zake, na watu walicheka. Bali utani wa kwenda upande mmoja tu si utani.

Jambo hili halikuanza kwetu. Kule Kenya, mwaka 1999, vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walianzisha mchezo wa televisheni uitwao Redykyulass, wakaiga sauti na mwendo wa Rais Moi, aliyekuwa akitawala tangu mwaka 1978. Watu waliozoea kunong'ona wakajikuta wanacheka kwa sauti. Mmoja wao, Kiarie, mwaka 2017 alichaguliwa kuwa mbunge.

Khabari ya Misri ina mafunzo zaidi. Bassem Youssef, tabibu wa upasuaji wa moyo, alianza kuchekesha katika mtandao baada ya mapinduzi ya mwaka 2011, kisha akawa na kipindi chake cha televisheni, Al-Bernameg. Mwezi wa Machi 2013, katika utawala wa Rais Morsi, alihojiwa kwa tuhuma za kumtukana Rais na kuidharau dini, akaachiliwa kwa dhamana. Morsi akaondolewa na jeshi mwaka ule ule. Wengi walidhani sasa mchekeshaji atastarehe. Wapi! Kabla ya mwaka kwisha stesheni yake ilikisimamisha kipindi kwa kuwagusa wakubwa wapya. Akahamia stesheni nyingine, na mwezi wa Juni 2014 akakifunga kabisa, kisha akaihama nchi. Basi waliojiita watu wa dini hawakumstahimili, na waliowapindua hawakumstahimili. Yaonyesha kwamba kutokupenda kuchekwa si maradhi ya chama kimoja, bali ni maradhi ya kiti chenyewe.

Twawaambia nini vijana? Kwanza, anayetaka kuwacheka wakubwa naajifunze kujicheka mwenyewe, wala asimcheke mnyonge, kwani huyo hana pa kujibia. Pili, asiseme asilolijua, kwa sababu uongo mmoja huharibu kweli tisa. Tatu, mwenye ulimi mrefu naasafishe mambo yake madogo: kodi yake, vibali vyake, hata laini ya simu yake iwe kwa jina lake. Asiyepatikana na kosa katika maneno hutafutwa kosa mfukoni.

Nanyi wazazi, msimfukuze mtoto kwa kuwa anachekesha. Mkalisheni, mmuulize anamcheka nani, na kwa nini. Akijibu vizuri, mwacheni aendelee. Akishindwa kujibu, hapo ndipo pa kumfundisha.

Na kwa wenye amri twasema neno moja kwa heshima. Mtu anayekucheka mbele yako amekupa nafasi ya kujirekebisha. Ukimfunga yeye, kicheko hakifi. Hurudi majumbani, kikacheka mlango umefungwa, na wewe usipate kujua unachekwa kwa lipi.