UCHAMBUZI: Treni za mvuke na vikundi vya kujitolea, kinachofanya vidumu

Tangu kuwekwa kwa jiwe la msingi la ujenzi wa kipande cha reli ya kisasa (SGR) cha Mwanza–Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, mwezi Juni 2021, mazungumzo ya wananchi wa Mkoa wa Shinyanga kuhusu reli yamekuwa ya kutazama mbele: ajira, fidia, usafirishaji wa mizigo kupitia Bandari Kavu ya Isaka, na muda wa safari kwenda Dar es Salaam. Ni mara chache mazungumzo hayo hugeuka kuuliza kuhusu kile kilichotangulia. Njia ya reli kutoka Tabora hadi Mwanza, inayopita Isaka na Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928, na kwa takriban nusu karne pamba, ng'ombe, wafanyabiashara na wanafunzi wa Usukumani walisafiri wakivutwa na vichwa vya treni vinavyotumia mvuke, hadi vichwa vya dizeli vilipochukua nafasi hiyo.

Swali la nani atakayetunza mabaki ya zama hizo lina uzito wa kiuchumi pia, kwa sababu chuma chakavu kina bei na wanunuzi wake hawakosekani. Boila, magurudumu, matangi ya maji ya stesheni, ishara za njia na hata mataruma ya chuma ni fedha taslimu kwa anayevipima kwa kilo. Katika nchi nyingi, mali za aina hii ziliokolewa na vikundi vya wananchi waliojitolea. Baadhi ya vikundi hivyo vimetimiza zaidi ya miaka 70, na vingine vilikufa kabla rangi ya kwanza haijakauka. Inafaa kuchunguza kilichovitofautisha.

Mfano wa karibu kabisa upo Nairobi, na una majina ya Tanzania. Katikati ya miaka ya 1950, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza vichwa 34 vya daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 252, na havikuwahi kuwapo vichwa vya mvuke vyenye nguvu zaidi ya hivyo katika reli ya upana wa mita moja popote duniani. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Leo vimebaki viwili tu: namba 5918 kiitwacho Mount Gelai, jina la mlima ulio kando ya Ziwa Natron, na namba 5930 kiitwacho Mount Shengena, jina la kilele cha Milima ya Pare. Vyote viwili vipo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, pamoja na kichwa kidogo zaidi, namba 3020, chenye jina la Nyaturu, watu wa Singida. Vingine 32 vya daraja hilo vilikatwakatwa.

Sababu ya kupona kwa hivyo viwili inaonekana katika mfuatano wa miaka. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1971, kwa juhudi za mfanyakazi wa reli Fred Jordan, aliyekuwa msimamizi wake wa kwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mali za shirika la pamoja zikagawanywa. Vichwa vya daraja la 59 viliondolewa kazini kuelekea mwaka 1980. Yaani wakati mgawanyo wa mali ulipofika, na baadaye wakati wa kuuza chuma ulipofika, tayari palikuwa na taasisi yenye uzio, daftari la mali na mtu wa kuulizwa. Kama uamuzi wa kuanzisha makumbusho ungesubiri vichwa vistaafu kwanza, huenda majina ya Gelai na Shengena yangebaki katika picha pekee.

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Huanza na brashi na rangi, huku hati ya umiliki ikiachwa kwa siku nyingine. Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee kutokana na sheria ilivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ujenzi wa reli ya kwanza nchini, ile iliyoanzia Tanga, ulianza mwaka 1893. Kwa hesabu hiyo hakuna kichwa cha treni, behewa wala stesheni yoyote ya Tanzania Bara inayolindwa kwa umri wake pekee; ulinzi unapatikana pale Waziri mwenye dhamana anapotumia mamlaka aliyopewa na sheria hiyo kutangaza eneo au kitu kuwa cha kuhifadhiwa. Aidha, mali za reli ni mali za umma zilizo chini ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), lililoundwa kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017. Kikundi kinachosafisha tangi la maji la stesheni bila makubaliano ya maandishi kinatunza mali ambayo kesho inaweza kuorodheshwa katika mnada, na hakitakuwa na haki ya kulalamika.

Waliofanikiwa kwa muda mrefu walianzia kwenye hati. Reli ndogo ya Talyllyn nchini Wales, inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kuendeshwa na wahifadhi wa kujitolea, ilikuwa karibu kufungwa mwenye nayo alipofariki mwaka 1950. Wapenzi wa reli walikutana Birmingham mwezi Oktoba mwaka huohuo, wakaunda chama, na kabla ya kuendesha treni ya kwanza mwezi Mei 1951 wakakubaliana na familia ya marehemu kuhusu kampuni ambayo pande zote mbili zingekaa katika bodi yake. Reli hiyo inafanya kazi hadi leo.

Wananchi wa Shinyanga hawana haja ya kwenda Wales kulielewa hilo, kwa kuwa wamewahi kulithibitisha kwa mikono yao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, maeneo yaliyotunzwa kwa mfumo wa jadi wa ngitili yalikuwa takriban hekta 600. Kufikia mwaka 2004 mradi ulipofikia mwisho, yalizidi hekta 300,000 katika mamia ya vijiji. Miche ilisaidia, lakini wataalamu waliofuatilia mabadiliko hayo wameeleza kwa kirefu nafasi ya utaratibu wa umiliki: kila ngitili ilijulikana ni ya kaya ipi, ya shule ipi au ya kijiji kipi; kanuni zake zilipitishwa katika mikutano ya jadi ya dagashida; na sungusungu walizisimamia. Mwenye kuingiza ng'ombe wakati usioruhusiwa alijua faini yake. Kujitolea kulidumu kwa sababu aliyejitolea alijua anajitolea kwa ajili ya nani, na kwamba jasho lake halitabebwa na mwingine.

Nguzo ya pili ni ujuzi, na hii haivumilii kuchelewa. Kichwa cha mvuke hakiendeshwi kwa kusoma kitabu cha maelekezo. Kuchochea moto kwa kiasi, kuchunga kimo cha maji ndani ya boila, kusikia kwa sikio kwamba valvu imelegea: mambo haya hupita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake. Eritrea ilionyesha jinsi muda unavyobana. Baada ya uhuru wa mwaka 1993, nchi hiyo iliamua kuijenga upya reli ya Massawa hadi Asmara, yenye urefu wa kilomita 118, iliyoharibiwa na vita kiasi kwamba pau zake zilitumika kujengea mahandaki. Badala ya kusubiri wakandarasi wa kigeni, iliwaita wastaafu wa reli, wengine wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, wakarudi karakanani na kuwafundisha vijana. Vichwa vya Kiitalia vilivyoundwa mwaka 1938 vikawashwa tena, na njia ikafika Asmara mwaka 2003. Wazee wale hawakuwa wa kujitolea kwa maana kamili ya neno, kwani lilikuwa agizo la serikali, lakini bila wao agizo lisingetekelezeka.

Katika Kanda ya Ziwa na Tabora, ambako Chuo cha Reli bado kinafundisha, hesabu ni rahisi. Kijana aliyeajiriwa kuchochea moto akiwa na miaka 20 mwaka 1975 sasa amevuka miaka 70. Kikundi kinachotaka kudumu kitatumia miaka yake miwili ya mwanzo kuketi na wazee hao, kurekodi sauti zao na kuwakutanisha na wanafunzi wa vyuo vya VETA, kabla ya kugusa chuma chochote.

Kuhusu fedha, uzoefu unatoa tahadhari dhidi ya mfadhili mmoja mkubwa. Kikundi cha Uingereza kilichoanza mwaka 1990 kuunda upya kichwa cha mvuke, kilichokuja kuitwa Tornado, kiliwaomba wanachama mchango mdogo wa kila mwezi, uliolinganishwa na bei ya glasi moja ya bia kwa wiki. Kazi ilichukua miaka 18 na gharama ya takriban pauni milioni 3, na kichwa kikatembea mwaka 2008. Wapo waliocheka mpango huo mwanzoni. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mwanachama wa VICOBA ataona mara moja kwa nini ulifanikiwa: mchango mdogo usiokatika humfunga mwanachama kwa kikundi, humpa sauti katika mkutano, na hulazimisha viongozi kusoma hesabu mbele ya watu. Fedha ya mfadhili mmoja ikiisha, mara nyingi na mkutano huisha.

Lipo pia suala ambalo wapenzi wa treni hawapendi kulisikia. Si kila kichwa kinapaswa kuwashwa. Boila ni chombo chenye hatari. Nchini Uingereza kwa kawaida hufumuliwa na kukaguliwa kwa kina takriban kila baada ya miaka kumi, kazi inayogharimu zaidi ya kila kitu kingine. Hapa nchini, boila za mvuke hukaguliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na usalama wa usafiri wa reli husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Mount Gelai kilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kikavuta tena treni, lakini ufufuo huo haukuzaa huduma ya kudumu. Kikundi kilichoahidi moshi na honi, kisha kikashindwa, hupoteza wanachama. Kilichoahidi paa imara, maelezo sahihi na mlango unaofunguliwa kila Jumamosi kinaweza kutimiza ahadi yake kwa miaka 30. Isitoshe, kichwa cha reli ya upana wa mita moja hakiwezi kutembea katika SGR, ambayo upana wake ni milimita 1,435. Bahati njema, njia ya zamani kati ya Dar es Salaam na Isaka imekarabatiwa na ingali inatumika.

Geita inaingiaje katika habari hii, ilhali reli haikuwahi kufika huko? Inaingia kupitia karakana zake. Uchimbaji wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, umezalisha mafundi wa kuchomelea, wachonga vyuma na watengenezaji wa pampu na krasha ambao ujuzi wao ndio hasa unaohitajika kuziba tangi lililotoboka au kuchonga kipuri kisichouzwa tena popote. Aidha, marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Madarasa na zahanati vitaendelea kupewa kipaumbele, na ni haki. Hata hivyo, hakuna kinachozuia siku chache za mafundi na mashine za mgodi kuingizwa katika mpango huo, msaada ambao kwa kikundi kidogo ungekuwa na thamani kuliko hundi.

Mkoa jirani wa Mwanza una ushahidi kwamba jambo la namna hii huweza kuzidi maisha ya mwanzilishi wake. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yaliyoasisiwa na Padre David Clement, yangali yanapokea wageni. Ngoma za watemi na zana za wahunzi zilizopo pale zilikusanywa kwa kushirikisha wenyeji waliozijua, na makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu huyafanya makumbusho hayo kuwa mahali pa tukio la kila mwaka. Hifadhi ya reli nayo inahitaji siku yake katika kalenda.

Kwa kikundi kitakachojitokeza Shinyanga, hatua zinazowezekana sasa ni za kawaida kabisa: kusajiliwa, ama kwa Msajili wa Vyama au chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kuiomba TRC ruhusa ya maandishi ya kuorodhesha mali za zamani katika stesheni za kati ya Isaka na Mwanza, na kuwasilisha orodha hiyo, pamoja na picha, kwa mamlaka zinazohusika na mambo ya kale. Daftari, simu yenye kamera na nauli ya kwenda stesheni hadi stesheni vinatosha kwa kuanzia. Kazi hiyo ikifanyika wakati ujenzi wa reli mpya ukiendelea, wahandisi watajua mapema kipi kisiguswe. Ikisubiri ujenzi ukamilike, vingine vitakuwa vimekwisha kupimwa kwa kilo.