Masika, pikipiki na mali ya umma

Masika inapokaribia katika ukanda wetu wa pwani, mkulima hulitazama jembe lake, na mvuvi wa Dunda huikagua mashua yake kuona kama kalafati imelegea. Hiyo ni desturi ya watu wanaojua kwamba mvua haimngoji mtu. Je, mtumishi wa umma aliyekabidhiwa pikipiki kwa ajili ya kazi hukagua nini? Aghalabu hutazama kama tangi lina petroli, akapiga kiki, akaondoka.

Hivi karibuni nilipata nafasi ya kukaa katika kibanda cha fundi mmoja hapa Dunda, kata ambayo ndiyo kitovu cha mji wa Bagamoyo. Palikuwa na pikipiki tatu za kazi zinazosubiri matengenezo, na mojawapo ilikuwa ya mtumishi wa idara ya elimu. Ilikuwa imepoteza nguvu, inakula oili, na inatoa moshi wa rangi ya buluu. Fundi alipoifungua, silinda ilikuwa imekwaruzika na ringi za pistoni zimelika. Chanzo hakikuwa mbali. Chujio la hewa la kiwandani lilikuwa limeondolewa pamoja na kasha lake, na mahali pake pamefungwa chujio la dukani lenye umbo la koni, lililobanwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Ubavu wa chujio lile ulikuwa umechanika, na ndani yake mlikuwa na mchanga mkavu juu ya tope la mvua zilizopita.

Mtumishi yule hakuwa mwizi, wala hakuwa mlevi. Chujio la awali lilipochakaa aliomba jingine, akaambiwa fungu la vipuri limekwisha. Akatoa fedha mfukoni mwake, akanunua alichokipata. Hakuna aliyemfundisha namna ya kulitunza. Matokeo yake ni kwamba pikipiki imelala, na walimu aliokuwa akiwatembelea shuleni wanamsikia kwa simu tu.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya gereji, hayastahili nafasi katika gazeti. Sikubaliani nao, na sababu ni rahisi kuieleza.

Injini huishi kwa hewa kama mwanadamu aishivyo. Petroli haiungui peke yake. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa. Chukua pikipiki ya kawaida yenye silinda ya sentimita za ujazo 150. Ikikimbizwa kwa nguvu zote kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, silinda hiyo huvuta hewa mara 3,000 katika dakika hiyo moja, na kiasi inachovuta hukaribia lita 450. Kwa saa nzima ni kama lita 27,000. Sasa fikiria hewa hiyo yote ivutwe nyuma ya lori la mchanga, katika njia ya vumbi ya kwenda vijijini wakati wa kiangazi. Kinachosimama kati ya vumbi hilo na pistoni ni chujio peke yake. Chembe za mchanga zikipita, huchanganyika na oili na kuusaga ukuta wa silinda kama msasa usagavyo ubao. Uharibifu huo hauna kelele. Siku mwendeshaji anapoutambua, gharama yake ni kuchonga silinda na kununua pistoni mpya, wakati chujio lingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Sina nia ya kuyalaani machujio yote yasiyotoka kiwandani. Yapo mazuri, ya pamba au sponji iliyotiwa oili, ambayo huoshwa na kutumika tena kwa muda mrefu. Makosa yapo katika kununua bila kujua. Kwanza, kabureta ya pikipiki hupangwa kiwandani kulingana na hewa inayopita katika kasha lake. Ukiondoa kasha na kufunga koni, hewa huzidi na petroli hupungua; injini hupata joto kupita kiasi, na sifa ya kuongezeka kwa mbio hubaki midomoni mwa muuzaji. Pili, kasha lile lililotupwa ndilo lililokuwa mwavuli. Koni iliyo wazi hupokea kila tone linalorushwa na tairi na kila wimbi la dimbwi.

Hapo ndipo masika inapoingia. Chujio la karatasi likilowa huvimba na kuziba, injini ikakohoa na kutoa moshi mweusi kwa kukosa pumzi. Sponji isiyo na oili hupitisha maji kama kitambaa. Mji huu unayajua madhara ya masika tangu enzi za misafara: mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, na mvua zikamkuta njiani akateseka katika matope ya Makata. Anayeijua nchi hii hajiandai baada ya mvua kuanza kunyesha.

Matunzo yenyewe hayahitaji shahada. Chujio la sponji lioshwe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, kamwe lisioshwe kwa petroli, ambayo huharibu gundi na inaweza kuwaka moto. Likamuliwe kwa viganja bila kusokotwa, likaushwe kivulini, kisha litiwe oili kidogo na kukamuliwa mpaka isidondoke. La pamba litunzwe kwa upole, na oili yake iwe kidogo, maana ikizidi huziba njia ya hewa. La karatasi halioshwi. Hukung'utwa taratibu, au hupulizwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na likichakaa au kulowa hubadilishwa. Kama kasha lina mrija wa kutolea maji chini yake, uzibuliwe. Kibano nacho kikazwe, kwa kuwa chujio safi lililolegea ni sawa na mlango uliofungwa huku dirisha likiwa wazi. Na kwa hali yoyote ile, injini isiwashwe bila chujio, hata kwa safari ya kwenda sokoni tu.

Wakati wa mvua mwenyewe uendeshaji ubadilike. Dakika za kwanza ndizo za hatari zaidi, kwa kuwa maji huchanganyika na oili na vumbi vilivyokuwa juu ya lami. Barabara yetu ya kutoka Dar es Salaam, na ile ya kwenda Msata, zina sehemu ambapo mvua husomba mchanga mpaka katikati ya lami. Ukiupita kwa mwendo wa kiangazi utaanguka. Punguza mwendo, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, tumia breki zote mbili kwa upole, washa taa. Ukitoka katika dimbwi, kanyaga breki taratibu mara mbili tatu mpaka zishike tena. Maji yanayokwenda kasi usiyavuke, hata kama mwenzako amevuka. Na injini ikizimika majini, usiilazimishe kuwaka. Maji hayagandamiziki kama hewa; yakiwa ndani ya silinda yanaweza kupinda konrodi. Isukume hadi pakavu, fungua plagi, izungushe injini mpaka maji yatoke, kausha chujio, ndipo uwashe. Kofia ngumu sina haja ya kuisisitiza: sheria inaitaka, na mtumishi anayevunja sheria mbele ya wanafunzi wake anafundisha somo baya.

Sasa turudi kwenye jambo kubwa. Mwaka 2018 Serikali iligawa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa Maafisa Elimu Kata nchini. Mwezi Aprili 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi pikipiki kwa ajili ya maafisa ugani. Fedha hizo ni jasho la wananchi. Kila pikipiki inayolala kabla ya wakati wake ni mkulima asiyepata ushauri na darasa lisilokaguliwa. Mwananchi wa kijijini hajui habari za kabureta; anachojua ni kwamba afisa alikuwa akija, na sasa haji.

Wazee wetu katika utumishi wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, vipuri vilipokuwa adimu kwa uhaba wa fedha za kigeni. Aliyekuwa na baiskeli aliipangusa kila jioni, kwa sababu alijua kwamba tairi jingine halipo dukani. Leo vipuri vimejaa kila kona, na wingi huo umetuzoesha kudhani kwamba kila kitu kinabadilishwa na hakuna kinachotunzwa. Fikra hiyo ni adui wa kujitegemea. Nchi inayonunua mashine kwa fedha nyingi na kuziacha zife kwa vumbi itabaki kuwa mteja wa wengine daima.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, halmashauri zinapopanga bajeti ya petroli zipange pia fungu la vipuri vidogo, na lisiguswe kwa matumizi mengine. Kila pikipiki iingie katika masika ikiwa na chujio jipya, na jingine la akiba. Si haki kumlaumu mtumishi aliyenunua koni kwa mshahara wake, ikiwa mwajiri hakumpa cha kufunga. Pili, hakuna pikipiki itakayokabidhiwa bila siku moja ya mafunzo chini ya fundi, na bila daftari la matunzo ambalo mkuu wa idara atalikagua kila mwezi kama anavyokagua daftari la safari. Tatu, mtumishi mwenyewe atenge nusu saa kila Jumamosi kukagua chujio, breki, mnyororo na tairi.

Nilipoondoka pale kibandani, fundi alikuwa ameliweka chujio lile lililochanika juu ya benchi, kila ajaye alione. Nilimwuliza pikipiki itatoka lini. Akanijibu kuwa silinda inasubiri pistoni, na pistoni inasubiri kibali cha malipo. Na mawingu ya masika, upande wa baharini, yalikuwa yameanza kujikusanya.