Ufito wa Mwanzi si Pambo la Ukuta

Wako wasemao kuwa uvuvi ni wa bahari tu, na kwamba mtu wa Iringa au Mbeya akishika mshipi anafanya mzaha. Hao hawajasimama ukingoni mwa mto Kiwira, kule Rungwe, wala kando ya vijito vya Mufindi. Humo yumo trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa zama za Waingereza. Huvuliwa kwa ufito mwembamba na ndoana iliyovishwa manyoya ikafanana na mdudu.

Ufito wenyewe wa kale si fimbo ya kukatwa kichakani. Ni mwanzi wa Guangdong, Uchina, uliopasuliwa, vipande sita vikarandwa kwa kipimo cha unywele, kisha vikaunganishwa kwa gundi vikawa kitu kimoja chenye pembe sita. Marekani ilipozuia biashara na Uchina mwaka 1950, mianzi hiyo iliadimika, na fito za nyuzi za kioo zikashika soko. Ufito wa mwanzi ukaangukia mikononi mwa wakusanyaji.

Ugomvi wangu ni nao, na ni na wenzetu pia. Katika nyumba moja ya Mufindi niliuona ufito wa namna hiyo umetundikwa ukutani, hauna mshipi. Mwenyewe alisema hauguswi, ni kumbukumbu. Jirani yake akasema afadhali uchomwe, ni kitu cha mkoloni. Kosa lao ni moja: wote wawili wamemwachia mkoloni aliyekwisha ondoka kitu kilichobaki mikononi mwetu.

Watu wa Iringa hawahitaji kufundishwa thamani ya mwanzi. Wakati wa mvua hukata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, na ulanzi ukadondoka. Mwanzi usioguswa haumnyweshi mtu.

Mtaniuliza, ufito huo ni wa nani? Mwanzi ni wa Mchina, ufundi wa Mzungu, samaki wa ng'ambo. Lakini samaki huyo yumo katika maji yetu tangu kabla ya Uhuru wa 1961. Nasi watu wa pwani, ambao maneno yetu mengi yalishuka jahazini, tusiwe wa kwanza kunena kuwa kilichokuja hakiwi chetu. Tuliyafanya yetu kwa kuyatumia, kwa kuyatungia na kuyaghani.

Basi uteremsheni ufito, utieni mshipi, mpeni kijana wa Mufindi ashuke nao mtoni. Ukivunjika, umevunjika kazini.