Mwezi Mpevu, Mifuko Mitupu
Wapo wanaokereka wakimwona mwenye madeni akicheka. Hao waende Muhuru Bay, kaunti ya Migori, au Mbita kule Homa Bay, mwezi ukiwa mpevu. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, samaki hawavutwi na taa, na boti nyingi hubaki ufukweni. Ni siku za ukata. Karo inadaiwa, dukani deni linapanda, na gugumaji nalo likiamua huziba njia ya boti. Lakini tazama: nyavu zinashonwa huku watu wakibishana kuhusu timu ya Gor Mahia, redio inapiga benga, chai ya maziwa inapita mkono hadi mkono, na mzee mmoja anasimulia uongo wake wa kila mwezi kuhusu mbuta aliyemponyoka. (Chang'aa pia ipo, hiyo ni safu nyingine.) Sioni uvivu hapo. Naona watu wanaojua kwamba giza litarudi, na kazi nayo, na wamekataa kununa wakilingoja. Mheshimiwa anayewaita wazembe na aje, aketi, anywe chai, kisha aondoke bila kuhutubia.